Jedwali Lipi? Chombo cha Kuandikia Sheria na Mtu Anayekitumia

Mama yule alianza uchapaji enzi za taipureta. Sheria ndogo anazijua kwa macho: mwoneshe ukurasa, na kabla hajasoma neno atakuambia kuna kifungu kidogo kimerukwa namba. Halmashauri aliyokuwa akiifanyia kazi ilikuwa imenunua programu mpya ya kuandikia sheria ndogo, nami nikaitwa kusaidia mafunzo ya siku tatu. Nikavuta kiti nikakaa pembeni yake.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Haya, nioneshe hicho kidude.”

Alikwenda vizuri hadi kifungu cha mwisho, kile cha adhabu. Baada ya hapo lilitakiwa Jedwali la Kwanza, lenye viwango vya ushuru wa mazao. Juu ya skrini kulikuwa na kitufe kilichoandikwa “Jedwali”. Akakibofya. Vikatokea visanduku vinne vitupu, viwili juu na viwili chini, katikati ya kifungu cha adhabu. Akafuta, akabofya tena, vikarudi vilevile. Akaondoa mkono kwenye kipanya, akanitazama.

“Nimeambiwa Jedwali, nimebofya Jedwali. Nimekosea wapi?”

Hakukosea popote. Katika uandishi wa sheria kwa Kiswahili, Jedwali ni sehemu inayokuja baada ya vifungu vyote, yenye fomu, viwango vya ada au orodha ya maeneo. Lina namba yake na kichwa chake, na hutaja kifungu kilicholizaa. Ndani yake huenda mkawa na visanduku vya safu na mistari, au visiwemo kabisa. Aliyetafsiri vitufe vya programu ile alichukua neno la kompyuta, na kwa kompyuta hakukosea. Lakini mama alikuwa kazini kwake, na kazini kwake neno hilo lina mwenyewe.

Nimeirudia asubuhi ile kichwani mara nyingi, kwa sababu naamini hapo ndipo uchaguzi wa vyombo hivi unapoharibika. Tunauliza programu inaweza kufanya nini, inauzwa bei gani, inatoa faili za aina ngapi. Hatuulizi inamsemesha mwandishi kwa maneno ya nani. Na mwandishi asiye mtu wa kompyuta, awe karani, mwanasheria, muuguzi au bwana shamba, akisemeshwa kwa maneno yasiyo ya kazi yake, atarudi kwenye Word jioni ileile.

Nieleze kwanza kwa nini tunahangaika na jambo lenyewe. Ukiandika sheria kwenye Word kama wengi tunavyoandika, kichwa cha kifungu ni kichwa kwa sababu umekikoleza wino. Jicho la mtu linaelewa. Kompyuta inaona wino mzito tu. Haijui kama hicho ni kifungu, ni jina la sheria au ni neno ulilotaka kulisisitiza. Uandishi wa alama unafanya kinyume chake: kila kipande kinatajwa kwa kile kilicho. Hiki ni kifungu, hii ni namba yake, hii ni aya, hili ni rejeo la sheria nyingine. Sura ya ukurasa, ukubwa wa herufi na nafasi pembeni huamuliwa baadaye, mahali pamoja, kwa hati zote.

Wazo hili lilizaliwa kwenye kazi za sheria. Mwaka 1969 Charles Goldfarb, mwanasheria aliyeingia IBM, alikuwa akishughulikia mfumo wa kompyuta kwa ajili ya ofisi za mawakili. Yeye na wenzake Edward Mosher na Raymond Lorie wakabuni lugha ya kuwekea hati alama, waliyoiita GML, herufi za kwanza za majina yao ya ukoo. Kutoka hapo ikaja SGML, iliyokuwa kiwango cha kimataifa mwaka 1986, kisha XML mwaka 1998. Kwa hiyo karani wa sheria na lugha ya alama ni watu wa ukoo mmoja, na kama leo wanaonana wageni, tatizo liko kwa waliokaa katikati yao.

Afrika nayo ina mchango wake hapa, na ningependa ujulikane zaidi kuliko unavyojulikana. Kiwango cha XML kinachotumika sasa kwa hati za mabunge, sheria na hukumu kinaitwa Akoma Ntoso. Jina ni la Kiakan, lugha ya Ghana, na maana yake ni mioyo iliyounganishwa. Kilianzia kwenye mradi wa Umoja wa Mataifa wa kuyasaidia mabunge ya Afrika, mradi uliokuwa na ofisi Nairobi, huku wataalamu Fabio Vitali na Monica Palmirani wa Chuo Kikuu cha Bologna wakiongoza usanifu. Mwaka 2018 taasisi ya OASIS ilikipitisha kuwa kiwango rasmi, na leo Bunge la Ulaya ni miongoni mwa wanaokitumia. Mfumo uliozaliwa kwenye mradi huohuo wa Nairobi ulipewa jina la Kiswahili: Bungeni.

Kwa Tanzania jambo hili si la kusubiri. Mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria ili lugha ya sheria iwe Kiswahili, na tangu hapo kuna kazi kubwa ya kuandika upya kwa Kiswahili mambo yaliyokaa kwa Kiingereza miongo mingi. Akoma Ntoso inaitazama sheria kama kazi moja yenye matoleo: toleo la Kiswahili na toleo la Kiingereza ni ndugu wawili wa kazi ileile. Kifungu cha 4(2)(a) hupewa kitambulisho, sec_4__subsec_2__para_a, na kitambulisho hicho kinaweza kubaki kilekile katika lugha zote mbili. Hakimu au wakili anayetaka kuzilinganisha anaziona sambamba, kifungu kwa kifungu. Ukiwa na mafaili mawili ya Word yaliyokolezwa wino tu, kazi hiyo anaifanya mtu kwa kidole, ukurasa mmoja baada ya mwingine.

Faida ninaikubali yote. Ninachobishania ni chombo anachowekewa mwandishi mezani.

Programu kamili za kuhariri XML ni nzuri. oXygen, inayotengenezwa Craiova nchini Romania, ninaitumia mwenyewe na sina ugomvi nayo. Ina namna ya kuonesha hati bila mabano ya alama, yale < na > yanayozunguka jina la kila alama, ikafanana na ukurasa wa kawaida. Lakini mtazame mwandishi mgeni anapobonyeza Enter. Kwenye Word, Enter humpa mstari mpya, na amefanya hivyo maisha yake yote. Hapa Enter humfungulia orodha ya alama zinazoruhusiwa mahali hapo, kwa Kiingereza, na Akoma Ntoso ina mamia ya alama. Fundi anaiona orodha ile kama msaada. Karani anaiona kama mtihani kila mwisho wa mstari, na hakuja ofisini kufanya mtihani.

Ukali huo una sababu. Faili la XML likikosa alama moja ya kufunga, programu itakataa kulisoma lote. Upande wa pili wapo wanaosema tuachane na ukali huo, waandishi wapewe Markdown, ile namna nyepesi aliyoitoa John Gruber mwaka 2004, ambamo nyota mbili ni wino mzito na alama ya reli (#) ni kichwa. Ni kweli inajifunzwa kwa saa moja. Kwa maelezo ya programu za kompyuta inafaa sana. Kwa sheria ni hatari, na nitaeleza kwa mfano mmoja tu, wa namba.

Chukua sheria yenye vifungu vidogo (1), (2), (3) na (4). Baadaye marekebisho yanafuta (3). Kinachobaki ni (1), (2) na (4), na lazima kibaki hivyo, kwa sababu hukumu na sheria nyingine zimeshataja kifungu kidogo cha (4) kwa namba hiyo. Iandike kama orodha ya Markdown, 1, 2, 4: kitakachotoka ni 1, 2, 3. Kanuni yake ni kusoma namba ya kwanza tu, zinazofuata ikahesabu yenyewe. Hakuna onyo na hakuna kosa litakaloonekana, kwa kuwa kwa Markdown hakuna maandishi yanayokosewa. Kila utakachoandika itakipokea. Word nayo ukiiachia ihesabu namba yenyewe ina ugonjwa huohuo. Futa kifungu cha 9, vya chini yake vyote vinapanda, na kila mahali palipoandikwa “kwa mujibu wa kifungu cha 11” sasa panaelekeza kwingine. Na kifungu cha 12A, kinachoingizwa kati ya 12 na 13, hakiwezi kuhesabiwa na mashine inayojua moja, mbili, tatu.

Namba ya kifungu ni sehemu ya maneno ya sheria, imepitishwa na waliokuwa na mamlaka ya kuipitisha. Akoma Ntoso inalijua hilo: namba ina alama yake, na ndani ya alama hiyo inaandikwa kama maandishi, iwe 4, 12A au (iv). Ndiyo maana nikiitwa kutoa ushauri kuhusu chombo chochote cha kuandikia sheria, kabla ya jambo lingine naandika 12A kisha nafuta 9. Nikiona namba zimetembea, nafunga kompyuta.

Sasa, kati ya ukali wa XML tupu na ulegevu wa Markdown kuna njia, na nyingine zimeshajaribiwa hukuhuku Afrika. Watengenezaji wa mfumo ule wa Bungeni hawakumtoa mwandishi kwenye ukurasa aliouzoea. Walichukua OpenOffice, programu ya kuandikia inayofanana na Word, wakaongeza sehemu ya kuweka alama ndani yake. Naona waliona mbali. Nikumbushe kwamba mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu hiyohiyo ikiwa na menyu za Kiswahili. Karani wa wakati ule angeweza kabisa kuandika sheria ya Kiswahili, kwenye programu ya Kiswahili, ikatoka na alama za kiwango cha kimataifa. Vipande vyote vilikuwepo Afrika Mashariki. Inaniuma kwamba havikushonwa vikawa nguo moja.

Njia ya pili ni ya Laws.Africa, shirika la Afrika Kusini, kwenye mfumo wao uitwao Indigo. Wao wameona kwamba sheria tayari ina mpangilio unaoonekana: Sehemu, kifungu, kifungu kidogo, aya. Mhariri anaandika maandishi ya kawaida, anatanguliza maneno machache kama PART na SEC, anasogeza mistari ndani kidogo kuonesha nini kiko chini ya nini, na mfumo unajenga XML yote. Hakuna bano hata moja. Mtu aliyezoea kusoma sheria anaelewa ukurasa ule bila kufundishwa, kwa sababu umeandikwa kama sheria inavyoandikwa. Kinachopungua ni kimoja, na kwetu ni kikubwa: maneno hayo ya kutanguliza ni ya Kiingereza. Anayehariri sheria ya Kiswahili anaandika SEC 4, kisha kichwa cha Kiswahili. Sioni kwa nini asiandike KIFUNGU.

Bunge la Ulaya lilikwenda mbali zaidi na AT4AM, chombo cha kuandikia marekebisho ya miswada. Mbunge au msaidizi wake anaona muswada, anabofya mahali anapotaka kubadilisha, anaandika maneno mapya. Maelezo rasmi ya rekebisho, yale ya kutaja ibara gani na aya ipi, yanaandikwa na mashine. Mwandishi anafanya uamuzi wa kisheria peke yake, basi.

Vyombo hivi vitatu havifanani kwa sura, lakini vinafanya jambo moja: vinamwacha mtu na msamiati wake. Kwetu jambo hilo linataka kazi ya ziada, kwa sababu Kiswahili cha sheria kina mitego yake. Nimeshataja Jedwali. “Aya” kwa mwalimu na mwandishi wa habari ni kile kipande cha sentensi kadhaa kinachoanza mstari mpya. Kwa mwandishi wa sheria ni (a), (b), (c). “Sura” ni mgawanyo mkubwa ndani ya Katiba, lakini pia ni namba ya sheria nzima, kama tunavyosema Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Sura ya 287. Muswada ukiwa bungeni una ibara. Ukishakuwa sheria, ibara ya 4 inakuwa kifungu cha 4, japo maneno ni yaleyale. Mtafsiri wa vitufe asiyejua haya atamwachia karani chombo chenye Kiswahili sanifu na maana iliyopotoka. Ni afadhali Kiingereza, ambacho angalau karani angejua hakifahamu.

Husikika hoja kwamba dawa ni mafunzo: wafundishwe, watazoea. Nimefundisha, na nitaendelea. Lakini hesabu mara ngapi kwa mwaka ofisi ndogo inaandika sheria ndogo. Ni chache. Ujuzi usiotumika wiki hadi wiki hauganduki akilini, hata kwa mtu hodari. Ofisini kwa yule mama ilikwenda hivi: baada ya mwezi, kila mtu aliandika kwenye Word na kumpelekea kijana wa TEHAMA “aingize kwenye mfumo”. Kijana alijitahidi, usiku mwingine alibaki ofisini peke yake. Kisha akahamishwa kituo. Programu ikabaki na leseni inayolipiwa na hakuna anayeifungua. Hakuna aliyezembea, chombo kilimhitaji mtu mmoja wa pekee, na watu wa pekee huhamishwa.

Tatizo lilianza siku ya manunuzi. Programu ilioneshwa kwenye ukumbi, kwenye skrini kubwa, na muuzaji akiwa ameshika kipanya, kwa hati fupi aliyokuja nayo mwenyewe. Hati ya muuzaji haina 12A. Kama ungeniuliza, ningebeba sheria ndogo halisi, ile chafu kuliko zote: iliyorekebishwa mara mbili, yenye Jedwali la kurasa tatu lililopigwa skani, na sehemu zilizotumwa kwa WhatsApp. Ningemkalisha mchapaji mwenyewe, nami nikanyamaza. Kunakili na kubandika kutoka Word peke yake kungetosha kuondoa nusu ya wauzaji, kwa maana hapo huja takataka zote: nafasi za kificho, herufi za rangi, namba ambazo si namba. Chombo kizuri huzichuja na kubakiza maneno; kibaya huzimeza kimyakimya.

Ningezima umeme katikati ya sentensi, maana utakatika tu. Ningemtumia mwanasheria rasimu nione anairudishaje, kwa kuwa wanasheria hufanya kazi kwa kuona nani alifuta nini, na mfumo usioonesha mabadiliko hayo utawarudisha wote kwenye Word bila mjadala. Mwisho ningeomba faili lenyewe nilifungue kwa programu nyingine kabisa. Sheria itaishi kuliko kampuni iliyouza programu. Ikiwa faili halisomeki nje ya mfumo wao, umekodisha sheria zako.

Kuhusu akili mnemba nitasema kwa ufupi. Ndiyo, mashine sasa inaweza kusoma hati ya Word na kukisia vifungu viko wapi, na kwa sheria, zenye namba zilizopangika, inakisia vizuri. Inasaidia sana kwa hati za zamani. Lakini lazima mtu athibitishe kisio hilo, na atathibitisha kwenye skrini ileile tunayoizungumzia, kwa maneno yaleyale.

Siku ya tatu ya mafunzo, kwa ruhusa ya mkuu wa kitengo, tuliiweka pembeni programu ile tukafungua Word. Word ina uwezo, ambao wachache wanaujua, wa kufunga hati ili mwandishi atumie mitindo iliyoteuliwa tu, asikoleze wino wala kubadili herufi apendavyo. Na tangu toleo la 2007, faili la Word kwa ndani ni XML, hivyo mtindo wenye jina unaweza kubadilishwa baadaye na mashine kuwa alama ya kweli. Nikamuuliza mama majina. Akayataja bila kufikiri, nami nikaandika: Jina la Sheria, Sehemu, Kifungu, Kifungu Kidogo, Aya, Aya Ndogo, Jedwali la Sheria, Visanduku. Namba tukakubaliana aziandike mwenyewe, kama alivyozoea kwenye taipureta.

Akaanza na sheria ileile ya ushuru wa mazao. Alifika kifungu cha 6 akasimama, kidole juu ya mstari kwenye karatasi.

“Mwanangu, na ‘isipokuwa kwamba’ naiweka wapi?”

Hilo ni sharti linalokuja chini ya kifungu na kukipunguzia nguvu. Halina namba, wala si aya, wala si kifungu kidogo. Akoma Ntoso ina alama yake maalumu. Programu iliyonunuliwa haikuwa na kitufe chake, na katika siku zote za vikao vya manunuzi hakuna aliyekuwa ameuliza. Tukaongeza mtindo wa tisa, tukauita Isipokuwa, naye akaendelea kuchapa.